Mchanganyiko si uchafu: maoni yangu juu ya mswada wa sura ya fuwele miminika



Wiki tatu zilizopita nililetewa mswada wa sura moja ya kitabu cha fizikia cha Kiswahili, kurasa thelathini na kidogo, inayohusu fuwele miminika, yaani vile vitu vilivyomo ndani ya kioo cha saa ya dijitali, cha kikokotoo na cha televisheni bapa. Mwandishi ni kijana wetu (mie humwita kijana, ingawa ana watoto watatu). Sitamtaja jina kwa kuwa mswada haujachapwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba niusome kwa jicho kali na akaniruhusu nitoe maoni yangu mbele ya watu. Alisema, "Mwalimu, usinionee huruma." Basi nimemtii.

Lakini kuna sababu ya pili ya kuandika. Mwenzetu mmoja aliyekwisha kuusoma ametoa hukumu fupi: eti mswada huu ni ushahidi kwamba Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi ya juu, tuache kujisumbua. Hilo ndilo lililoninyima usingizi. Maana makosa yamo humu, tena makubwa, sikatai. Ila karibu yote si makosa ya Kiswahili. Ni makosa ya fizikia, na mengi yamechukuliwa mazima mazima kutoka kurasa za Kiingereza ambazo mwenzetu huyo hajawahi kuzilalamikia. Mtu akirithi deni la jirani, usimwite mfujaji.

Nianze na mazuri, kwa sababu ni haki yake.

Kurasa sita za mwanzo ni nzuri sana. Anasimulia jinsi Friedrich Reinitzer, mtaalamu wa mimea aliyekuwa Prague, alivyoshughulika mwaka 1888 na kolesterili benzoeti akaona jambo la ajabu: kitu kile kiliyeyuka kwa nyuzi 145.5 za Selsiasi kikawa kimiminika chenye ukungu, kisha kwa nyuzi 178.5 ukungu ukatoweka ghafla, kikawa safi kama maji. Sehemu mbili za kuyeyuka kwa kitu kimoja! Akampelekea barua na vipande vya kitu hicho Otto Lehmann, aliyekuwa na hadubini yenye jiko dogo la kupashia moto, na Lehmann akaona kwamba ukungu ule ulikuwa unatiririka kama kimiminika lakini unaugeuza mwanga kama fuwele. Mwandishi ameyaeleza haya kwa Kiswahili kilichotulia, hakuna sentensi inayonuka tafsiri. Nilipofika ukurasa wa saba nilikuwa nimeshaanza kujivuna kwamba nilimfundisha.

Hapo ndipo mambo yakaharibika.

Kwanza: "uchafu"

Anapofika kwenye michanganyiko anaandika, na ninanukuu kutoka mswada: "Kampaundi safi ndiyo yenye tabia ya kweli. Kampaundi ya pili ikiongezwa huwa ni uchafu unaoshusha nyuzi za kuyeyuka." Kisha michanganyiko yote inapewa nusu ukurasa, na sura inarukia saa za dijitali kwa sentensi moja: wanasayansi wa Uingereza waligundua 5CB, na saa zikawezekana.

Ndugu zangu, hii ni kama kusimulia pilau kwa kutaja mchele tu.

Hebu tuitazame hiyo 5CB. Ni kampaundi ya siano-baifenili iliyotengenezwa Chuo Kikuu cha Hull mwaka 1972 na George Gray pamoja na Ken Harrison na John Nash, ikatangazwa mwaka 1973. Ilikuwa kazi kubwa, sipunguzi heshima yake hata chembe. Kampaundi zilizotangulia zilikuwa zinaharibika kwa unyevu wa hewa au zinahitaji joto kubwa. Hii ilikuwa imara, haina rangi, na iko katika hali ya nematiki kwenye joto la chumba. Lakini joto gani la chumba? 5CB huyeyuka kwenye nyuzi 23 hivi na kuwa kimiminika cha kawaida kwenye nyuzi 35 hivi. Uwanja wake wote ni nyuzi kumi na mbili!

Sote tulioishi Ulaya tunaijua chupa ya mafuta ya nazi. Nyumbani Zanzibar hutiririka karibu mwaka mzima. Uingereza mwezi wa Januari ni lazima uitie kwenye maji ya moto ndipo upate ya kupaka kichwani. Mafuta ya nazi huganda kwenye nyuzi 24 hivi, jirani kabisa na 5CB. Sasa tengeneza saa ya mkononi kwa 5CB safi, hiyo "yenye tabia ya kweli". Ukiwa Hull asubuhi ya baridi inaweza kuganda kama nazi. Ukiwa Mombasa, umeiacha juani kwenye ukuta wa baraza, inapita nyuzi 35 na tarakimu zote zinapotea. Saa gani hiyo inayofanya kazi mchana wa majira ya machipuko tu?

Kilichofanya saa ziwezekane kwa kweli ni mchanganyiko. Wakati Hull wakitengeneza kampaundi, Peter Raynes katika maabara ya serikali pale Malvern (RRE) alikuwa na kazi ya kutafuta zichanganywe vipi, na kampuni ya BDH ya Poole ikatengeneza na kuuza. Mmoja katika michanganyiko hiyo, uliotoka katikati ya miaka ya 1970, unaitwa E7, na kila mtu aliyepita kwenye maabara ya fani hii amewahi kuushika. Una viungo vinne kwa uzito: 5CB asilimia 51, 7CB asilimia 25, 8OCB asilimia 16, na 5CT asilimia 8. Uwanja wake wa nematiki ulitangazwa kuwa ni kutoka nyuzi 10 chini ya sifuri hadi karibu 60 juu yake. Kutoka nyuzi kumi na mbili hadi karibu sabini! Uchafu gani unaofanya kazi hiyo?

Kwa nini chini huporomoka na juu hubaki?

Hili ndilo swali ambalo mswada hauliulizi kabisa, na ndilo roho ya somo.

Fundi redio yeyote wa Darajani anaijua nusu ya jibu bila kusoma. Waya wake wa kulehemu wa zamani ni bati na risasi. Bati peke yake huyeyuka kwa nyuzi 232, risasi kwa 327. Ukichanganya bati sehemu 63 na risasi sehemu 37 kwa mia, vinayeyuka kwa nyuzi 183, chini ya vyote viwili. Sehemu hiyo ya chini kabisa ndiyo huitwa yutektiki. Sababu yake ni hii: katika mango, kila kampaundi hupenda kupangana na wenzake tu, molekuli ngeni haikai vizuri katika safu. Katika kimiminika zote hukaa pamoja ovyo, na ovyo hiyo ya kuchanganyika ni faida kwa upande wa kimiminika. Kwa hiyo mango hushindwa mapema, nyuzi za kuyeyuka huporomoka. Ukijua nyuzi za kuyeyuka za kila kiungo na joto lake la kuyeyukia, kuna mlinganyo wa Schröder na van Laar unaokukadiria zitaporomoka mpaka wapi. Raynes aliuchukua mlinganyo huo wa zamani akaufanya chombo cha kazi, badala ya kuchanganya chupa mia kwa kubahatisha.

Sasa nusu ya pili, ambayo fundi redio haijui kwa kuwa lehemu haina hali ya nematiki. Huku juu, nematiki inapogeuka kuwa kimiminika cha kawaida, je, pia huporomoka? La. Katika nematiki molekuli zimeelekea upande mmoja, lakini hazina safu wala viti maalumu. Mgeni anakaa popote ilimradi aelekee wanakoelekea wenzake. Katika kimiminika cha kawaida pia anakaa popote. Yaani pande zote mbili za mpaka zimekwisha kuchanganyika, hakuna upande unaopata faida ya ziada. Kwa hiyo, kwa kampaundi zinazofanana umbo, mpaka wa juu hubaki karibu na wastani wa viungo.

Basi hapo ndipo siri yote: sakafu inaporomoka, dari inabaki kwenye wastani, na chumba kinakuwa kirefu. Sentensi hiyo moja ingekuwamo katika mswada, ningesamehe nusu ya makosa mengine.

Na mwanafunzi anaweza kuijaribu mwenyewe kwa kalamu. Nyuzi za juu za viungo vya E7, kwa kukadiria, ni hizi: 5CB 35, 7CB 43, 8OCB 80, 5CT 240. Zidisha kila moja kwa asilimia yake:

5CB: 0.51 × 35 = 17.9
7CB: 0.25 × 43 = 10.8
8OCB: 0.16 × 80 = 12.8
5CT: 0.08 × 240 = 19.2

Jumla ni 60.7. Mwenye kujali sana atasema inabidi kuhesabu idadi ya molekuli badala ya uzito, na ni kweli. Ukifanya hivyo unapata kama 57. Vipimo vya maabara huangukia 58 hadi 60. Kwa hesabu ya darasa la saba si haba hata kidogo!

Lakini itazameni tena hiyo safu ya mwisho. 5CT ni terfenili, pete tatu badala ya mbili. Peke yake haifai kwa saa hata kidogo: haiyeyuki mpaka nyuzi 130. Ndiyo ambayo kwa lugha ya mswada ingeitwa uchafu kuliko wote. Nayo, kwa asilimia 8 tu, inachangia nyuzi nyingi zaidi kwenye dari kuliko 5CB yenye asilimia 51. Iondoe, gawanya upya viungo vitatu vilivyobaki, na dari inashuka hadi nyuzi 45. Hapa Maskati ninapofundisha, kiangazi huzipita nyuzi 45 kivulini siku nyingine, achilia mbali ndani ya gari lililofungwa vioo. Niliwahi kuacha saa ndogo ya bei rahisi juu ya dashibodi. Niliporudi kioo chote kilikuwa cheusi. Mwanangu akasema imekufa. Nikamwambia ngoja. Kiyoyozi kilipofanya kazi dakika kumi, saa ikarudi na wakati wake sawasawa. Ilikuwa imepita dari yake tu, nematiki imekuwa kimiminika cha kawaida, nacho hakiwezi kuuzungusha mwanga kati ya vichujio viwili. Mfano huo mmoja ungefundisha zaidi ya nusu ukurasa wa mswada.

Nisisitize kwamba hili si jambo la heshima ya watu wa Malvern peke yake. Mwanafunzi akifundishwa kwamba ukweli uko katika kampaundi safi na mchanganyiko ni kuuharibu, hatajua afanye nini siku atakapoingia kiwandani, maana huko kampaundi safi hakuna. Kioo cha televisheni ya fuwele miminika leo kina mchanganyiko wa kampaundi kumi au zaidi, nyingi zina florini badala ya siano, kila moja imewekwa kwa kazi yake: hii inashusha sakafu, hii inapandisha dari, hii inapunguza uzito wa kutiririka ili picha isiburure mkia. E7 yenyewe imebaki zaidi kwenye maabara na darasani.

Kuna na kinaya cha historia ambacho mwandishi amekipita bila kukiona. Baada ya Reinitzer na Lehmann, mkosoaji wao mkubwa alikuwa Gustav Tammann, mkemia mwenye jina. Yeye alishikilia kwamba fuwele miminika hazipo. Ule ukungu ni vimiminika viwili vilivyovurugana, kitu hakikusafishwa vizuri. Kwa lugha nyingine: mchanganyiko, uchafu. Ilibidi miaka mingi ya kutengeneza kampaundi safi, kama zile za Daniel Vorländer pale Halle, kuonyesha kwamba hali hii ni ya kampaundi yenyewe. Yaani fani ilipigania usafi ili ithibitishe kwamba ipo, kisha ikalazimika kurudi kwenye mchanganyiko ili ifae kitu. Mwandishi amebaki kwenye vita ya kwanza.

Pili: "kioo" na "awamu"

Sasa nije kwenye lugha, ambako mwenzetu wa hukumu fupi anadhani ndiko kwenye ugonjwa.

Mswada unatumia "kioo kimiminika". Hapana. Kioo ni kile cha dirisha, na kioo cha dirisha ndicho hasa kisicho fuwele: molekuli zake zimekwama ovyo bila safu. Kuita fuwele "kioo" ni kumpa mtu jina la mpinzani wake. Neno *fuwele* tunalo, linatumika mashuleni, liachwe lifanye kazi yake. Na hata Kiingereza kina ugonjwa huu huu, maana dukani huko glasi ya thamani wanaiita fuwele na hakuna anayesema Kiingereza hakiwezi sayansi.

La *awamu* ni gumu zaidi, na hapa namuunga mkono mwandishi nusu. Anaandika "awamu ya nematiki", "awamu ya smektiki". Amelipata kwenye tafsiri ya kawaida, kwa kuwa Kiingereza kina neno moja kwa mambo mawili, hatua ya wakati na hali ya maada. Sisi tunayo maneno mawili, na hiyo ni mali, si upungufu. Awamu kwetu ni zamu katika wakati: serikali ya awamu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya pili haiji mpaka ya kwanza iondoke, na awamu mbili hazilali Ikulu usiku mmoja. Lakini hali mbili za maada hukaa katika kikombe kimoja bila ugomvi. Kampaundi safi hugeuka kutoka nematiki kwenda kimiminika kwenye nyuzi moja maalumu. Mchanganyiko, kwa kanuni ya Gibbs, una uhuru mmoja wa ziada: kuna ukanda wa nyuzi kadhaa ambamo matone ya nematiki na kimiminika cha kawaida vinakaa pamoja, kila kimoja na viwango vyake vya viungo. Mwanafunzi mwenye "awamu" kichwani hauelewi ukanda huo. Atadhani ni kosa la kipimajoto. Mwenye neno "hali" anauelewa mara moja. Kwa hiyo ushauri wangu: *hali ya nematiki*, na ule mchoro wa nyuzi dhidi ya viwango uitwe *mchoro wa hali*. Yupo atakayesema "hali" ni neno la kawaida mno, tuna hali ya hewa na hali ya mgonjwa. Sawa, lakini afadhali neno la kawaida linalosema kweli.

Tatu: kanuni iliyogeuzwa

Kosa hili linaniuma kwa sababu ni langu pia.

Mswada unataja kanuni ya Sackmann na Arnold wa Halle, waliozipanga hali za smektiki (A, B, C na kuendelea) kwa njia ya kuchanganya. Kanuni inasema hivi: ukichukua kampaundi mbili, ukachora mchoro wa hali, ukaona hali ya hii inaungana na hali ya ile kwa viwango vyote bila kukatwa na mpaka wowote, basi hizo ni hali moja. Safi kabisa. Kisha mwandishi anaongeza: "Kwa hiyo zisipochanganyika, ni hali tofauti."

Hiyo "kwa hiyo" haipo! Kanuni ni ya njia moja. Kuchanganyika kunathibitisha ujamaa; kutochanganyika hakuthibitishi chochote. Mfano uko jikoni: maji na mafuta ya nazi yaliyoyeyuka. Havichanganyiki, na vyote viwili ni vimiminika vya kawaida tu, hali moja. Zipo sababu nyingi za vitu kukataana.

Mie nilifanya kosa hili hili katika rasimu ya tasnifu yangu ya udaktari huko Uingereza, mwisho wa miaka ya 1990. Niliandika kwa majivuno kwamba smektiki yangu ilikuwa mpya kwa kuwa ilikataa kuchanganyika na kampaundi ya rejeo. Msimamizi wangu hakuandika maneno mengi pembeni. Aliandika: "Mafuta na maji?" Nilipoteza miezi minne kurudia vipimo kwa kampaundi nyingine ya rejeo, na ya pili hiyo ikachanganyika vizuri kabisa. Upya wangu wote ukayeyuka. Kwa hiyo simcheki kijana. Namuokolea miezi minne.

Na ili asidhani kanuni hii ni ya makaburini: mwaka 2017 kampaundi mbili zisizofanana sana, RM734 ya York na DIO ya Japani, zilionyesha kila moja hali ya nematiki isiyo ya kawaida. Mwaka 2020 kundi la Colorado likaonyesha kwamba hali ile ya RM734 ni nematiki ya feroelektriki, ambamo molekuli hazielekei mstari mmoja tu bali na vichwa vyao vimeelekea upande mmoja. Je, na ile ya DIO ni hiyo hiyo? Mwaka 2022 wakazichanganya, na zikaungana kwa viwango vyote. Hali moja. Chombo cha Sackmann na Arnold, kikitumiwa upande wake sahihi, kilikuwa bado kinakata.

Nne: ngazi isiyoteremka tu

La mwisho. Mswada una picha ya ngazi: kimiminika, nematiki, smektiki, mango, kila unapopoza unashuka ngazi moja kuelekea mpangilio zaidi, "na hairudi nyuma". Ni picha ya kila kitabu, na kwa kampaundi nyingi inafaa. Lakini mwaka 1975 Patricia Cladis, aliyekuwa Bell Labs, alionyesha michanganyiko inayovunja ngazi. Mfano unaojulikana zaidi baadaye ni 6OCB na 8OCB. 8OCB ina nematiki na smektiki A. 6OCB ina nematiki tu. Zichanganye kwa viwango fulani, karibu robo ya 6OCB au zaidi kidogo, halafu poza taratibu: nematiki, kisha smektiki A, kisha nematiki tena! Umepoza, na safu zimevunjika badala ya kuimarika.

Maelezo yanayokubalika ni kwamba molekuli hizi za siano hukaa jozi, vichwa vimepishana, na ukizidi kupoza jozi huongezeka na kubanana mpaka haziingii vizuri tena katika safu. Nasema hivyo kwa ufupi, mjadala wake ni mrefu. Ninachotaka ni kwamba jambo hili limo kwenye mchanganyiko wa kampaundi mbili za familia ile ile ya saa, na limeachwa nje kwa sababu mchanganyiko ulishaitwa uchafu ukurasa wa saba. Kosa la kwanza limezaa la nne. Na angalieni tena neno *awamu* lingemfanyia nini mwalimu hapa. Awamu ya kwanza imeondoka, imeingia ya pili, kisha imerudi ya kwanza? Darasa zima litageuka mkutano wa siasa.

Sasa, hukumu

Je, mswada utupwe? Hapana, na mwenzetu wa hukumu fupi aniwie radhi. Hesabu makosa niliyoyataja. Uchafu: upo katika vitabu vya Kiingereza. Hadithi ya kampaundi moja iliyoleta saa: ya Kiingereza. Kugeuza kanuni ya kuchanganyika: mie niliifanya kwa Kiingereza, nikiwa chini ya msimamizi Mwingereza. Ngazi: ya Kiingereza. Yaliyobaki ni maneno mawili, kioo na awamu. Moja limeshasahihishwa na wakubwa wetu zamani, na la pili tukilitengeneza tutakuwa na neno bora kuliko la wenyewe. Kiswahili kimeshindwa wapi hapo?

Tulioshindwa ni sisi. Nina zaidi ya miaka ishirini na tano katika fani hii na sijaandika ukurasa mmoja wa fizikia kwa Kiswahili kabla ya huu mnaousoma. Nilipokuwa nikitafuta jinsi ya kusema kwamba sakafu inaporomoka na dari inabaki, nilikaa saa nzima, na haikuwa lugha iliyokuwa ngumu. Nilikuwa sijawahi kulifikiri jambo hilo kwa lugha ninayoota kwayo. Kijana huyu amefikiri kurasa thelathini. Amekosea kama saba hivi.

Kwa hiyo ninayomwomba ni haya. Kurasa sita za mwanzo ziachwe kama zilivyo. Sehemu ya michanganyiko iwe kurasa nane, ianze na lehemu na mafuta ya nazi, ifike kwenye ile hesabu ya viungo vinne, na mwanafunzi aifanye mwenyewe kabla ya kuambiwa jibu. Kanuni ya Halle ibaki njia moja. Ngazi ichorwe, kisha ivunjwe. Mswada wa pili niletewe mimi, na mara hii sitasoma peke yangu. Nimeshamwandikia mwenzangu wa kemia aliyeko Leeds, mzaliwa wa Tanga, naye amekubali.

Na mwenye kuona nimekosea mahali, aseme. Nimeshazoea kuandikiwa pembeni.

Nawasilisha.